Barua ya wazi kwa wakuu wa afya wa Haut-Katanga: furaha ya mzee asiyeweza kusema nayo ina kipimo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Haut-Katanga,
Kwa Mkuu wa Divisheni ya Afya ya Jimbo,
Kwa wakuu wa shule za wauguzi na wasimamizi wa makao ya wazee ya Lubumbashi,

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mwalimu mstaafu, mkaaji wa komini ya Katuba hapa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mtoto wa kwanza wa mama mwenye umri wa miaka 83 ambaye kwa mwaka wa tatu sasa halijui jina langu. Sikuja kuomba jengo wala mashine. Ninachotaka kuwaeleza ni kwamba mtu aliyefika hatua nzito ya dimenshia, au demansi kama madaktari wetu wanavyosema kwa Kifaransa, yaani ugonjwa unaomwondolea mtu kumbukumbu na fikra, bado anafurahi na bado anachukizwa, na kwamba yale yanayomfurahisha yanaweza kutazamwa, kupimwa na kuandikwa kwenye fishi yake, yaani karatasi ya kumbukumbu za mgonjwa, ilimradi anayemtazama awe amefundishwa kutazama.

Mama alikaa miezi 14 katika makao ya wazee ambayo sitayataja, kwa maana waliomhudumia humo walikuwa watu wema, tena waliochoka. Kila asubuhi baada ya uji, wazee waliketishwa barazani kwa mstari, na redio ikawekwa dirishani na kufunguliwa kwa sauti kubwa hadi adhuhuri, kwa nia njema ya kuwachangamsha. Jioni katika daftari la zamu, mbele ya jina la mama, liliandikwa neno moja: mtulivu. Siku moja nilifika mapema kuliko kawaida yangu nikaketi kando bila kumsalimu. Mama hakulia, hakusukuma mtu, hakuinuka kitini. Lakini kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimefichwa ndani ya ngumi, mabega yake yalikuwa yamepanda karibu na masikio, na kila mtangazaji alipopaza sauti yeye alifumba macho kwa nguvu kama mtu aliyerushiwa vumbi. Saa nne na dakika kumi umeme ulikatika. Redio ikanyamaza, na kabla sijahesabu hadi 20 kidole gumba kikatoka, mabega yakashuka, na mama akageuza shingo kumfuata kwa macho kuku aliyekuwa akipita uani. Ninyi mnaoishi katika mji huu mnajua jinsi tunavyoulalamikia umeme. Siku hiyo niliushukuru kwa kuondoka. Jioni daftari la zamu likaandikwa lile lile: mtulivu.

Neno hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma, kuuliza, na hatimaye kuandika daftari langu mwenyewe. Mtulivu anaweza kuwa mtu anayestarehe. Anaweza pia kuwa mtu aliyekwisha kata tamaa ya kuonyesha kwamba anaudhika, au mtu aliyelewa dawa. Kwa macho ya mhudumu mwenye wazee 18 wa kuwalisha, wote watatu wanafanana.

Ugonjwa wenyewe si mgeni kwenu. Alois Alzheimer alieleza mbele ya madaktari wenzake wa Ujerumani kisa cha kwanza cha aina ya dimenshia ambayo leo inaitwa kwa jina lake, mwaka 1906, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wanaishi na dimenshia, zaidi ya asilimia 60 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Huku kwetu wengi hawapewi hata jina la ugonjwa: husemwa wamerudia utoto, au, vibaya zaidi, huitwa walozi. Suala la ulozi linastahili barua yake lenyewe, nami sitaliingiza katika hii.

Kuhusu kuamsha milango ya fahamu ya wagonjwa wa namna hii, kazi hiyo ina historia. Katika miaka ya 1970 huko Uholanzi, Jan Hulsegge na Ad Verheul walianza kutengeneza vyumba vyenye mwanga wa rangi, muziki wa polepole, harufu na vitu vya kushikashika, kwa ajili ya watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, na baadaye vyumba vya aina hiyo vikaingia katika makao ya wazee wenye dimenshia. Waliviita Snoezelen, jina lililoungwa kutokana na maneno mawili ya Kiholanzi, moja la kunusanusa na jingine la kusinzia. Jina hilo linanipendeza, kwa sababu halimtaki mgonjwa ajibu swali wala afaulu mtihani. Hata hivyo chumba, hata kikiwa kizuri namna gani, hakisemi kama huyu aliyewekwa ndani yake anakipenda.

Hilo nililiona kwa macho yangu. Wafadhili walileta katika makao yale taa inayozungusha rangi ukutani. Waliiwasha, wakamketisha mama mbele yake, na mdomo wake ukavutika upande mmoja. Wakapiga picha wakisema kwamba Kambo, yaani bibi, anacheka. Mimi ninaujua mdomo ule tangu sijaanza kutembea. Ndivyo mama anavyofanya anapoumwa. Wiki mbili baadaye lilipatikana jino lililooza mpaka kwenye mzizi, upande ule ule, nalo likang'olewa. Siwalaumu wageni wale, kwa kuwa uso wa mtu ambaye ugonjwa umemnyang'anya maneno unasomeka kwa shida. Lakini tangu siku hiyo ninashikilia kwamba hakuna anayepaswa kuandika "amefurahi" kabla hajajiridhisha kwamba mgonjwa hana maumivu. Kipimo cha kufanya hivyo kipo: watafiti wa Marekani walikitoa mwaka 2003 kwa jina la PAINAD, na humtaka muuguzi atazame mambo matano tu, yaani kupumua, sauti, uso, mwili, na kama mgonjwa anatulizika akibembelezwa, kila jambo likipewa alama kuanzia 0 hadi 2.

Upande wa furaha nako hatuanzi na mikono mitupu. M. Powell Lawton na wenzake wa Philadelphia walichapisha mwaka 1996 namna ya kuwatazama wagonjwa wa Alzheimer katika makao ya wazee: mtazamaji humwangalia mtu mmoja kwa dakika 10, kisha huandika ni kwa muda gani ameonyesha raha, hasira, wasiwasi au woga, huzuni, na kufuatilia yanayomzunguka. Huko Bradford, Uingereza, Tom Kitwood na Kathleen Bredin walikuwa wametengeneza mwaka 1992 njia nyingine, ambamo mtazamaji huketi na wagonjwa kwa saa kadhaa akiandika kila baada ya dakika 5 wanafanya nini na wako katika hali gani. Katika njia ya Lawton, raha na kufuatilia si kitu kimoja. Mtu aliyeshtuliwa na kengele anafuatilia sana, lakini hafurahi. Na yule aliyefumba macho huku unampapasa mgongo anaweza kuwa katikati ya furaha yake kubwa kuliko zote za siku hiyo.

Niliyojifunza mimi na mdogo wangu wa kike, tangu tulipomrudisha mama nyumbani, hayamo yote katika vipimo hivyo, na ndiyo ningependa wakuu wa shule za wauguzi wayasome kwa utulivu.

Kwanza tulijifunza kupima kimya. Kabla ya kumpa mama kitu chochote tunaketi naye dakika 5 bila kufanya lolote, na tunaandika mikono iko wapi, mabega yako vipi, anapumua namna gani. Bila hilo hatuwezi kujua kama badiliko lolote limeletwa na tulichompa. Kisha tunampa kitu kimoja peke yake, si muziki pamoja na mafuta pamoja na kikombe cha chai, tunakiacha kwa muda, halafu tunakiondoa na kuendelea kutazama. Dakika ile ya baada ya kuondoa ndiyo inayosema zaidi. Tabasamu laweza kuwa la bahati, laweza kuwa la kuiga uso wa aliye mbele yake, lakini mkono unaobaki umenyooshwa kuelekea pale kitu kilipokuwa ni jibu.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la mafuta. Nilimpaka mama mafuta mikononi, taratibu, kidole kwa kidole; akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, nami nikaandika kwa furaha kwamba anapenda mafuta. Mdogo wangu, ambaye ni mbishi tangu utotoni, akaniuliza nimejuaje kwamba ni mafuta. Kesho yake saa ile ile akaushika mkono wa mama kwa namna ile ile bila mafuta, na pumzi ikashuka vile vile. Siku ya tatu nikampaka mafuta nikiwa nimevaa glavu, kama wanavyofanya makaoni, na haikutokea kitu. Tulifuta sentensi yangu tukaandika: anapenda mkono, mafuta hana habari nayo. Nadhani vyumba vingi vya taa na manukato vinasifiwa kwa kazi ambayo kwa kweli ilifanywa na yule aliyeketi pembeni ya mgonjwa, na hilo haliwezi kujulikana mpaka mtu aketi pembeni yake siku nyingine bila taa.

Kosa la pili lilikuwa la pua. Mama aliuza munkoyo, kinywaji kinachotengenezwa kwa unga wa mahindi na mizizi, katika komini ya Kenya hapa mjini kwa zaidi ya miaka 20, na sisi watoto tulikuwa na hakika kwamba harufu ya mizizi yake ingemwamsha. Tuliisogeza puani, hakutikisika. Tulitaka kuandika kwamba hajali, mpaka muuguzi mmoja wa mtaani kwetu akatukumbusha kwamba katika ugonjwa wa Alzheimer uwezo wa kunusa hupungua mapema sana, mara nyingine kabla hata kusahau hakujaonekana na wengine. Basi ule mzizi uliopondwa tukamwekea kiganjani. Aliukwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, kama alivyokuwa akiwapima wauzaji wake wa zamani, akaulaza pajani, akaanza kutenganisha nyuzi moja moja. Aliendelea kwa dakika 11, midomo ikichezacheza bila sauti. Hakuna kitu kingine chochote tulichokuwa tumempa ambacho kilikuwa kimemshika kwa zaidi ya dakika 1.

Masikio yalitupotosha vivyo hivyo. Ukoo mzima ulijua kwamba mama anapenda kwaya, na kwa hiyo kwaya tulimwekea, na ngumi ikajifunga kama enzi za redio ya barazani. Ilibidi kwanza sikio la kushoto liondolewe nta iliyokuwa imeliziba, na baada ya hapo mdogo wangu akamwimbia wimbo ule ule kwa sauti ya chini, peke yake, karibu na shavu. Mama aligeuza uso. Kwa hiyo yale ambayo familia inayajua kuhusu mzee wao ni mwanzo mzuri wa kutafuta, lakini hayatoshi kuwa jibu, na anayetaka kujua kama mzee anafurahia anachosikia au anachoona lazima ahakikishe kwanza kwamba anasikia na anaona. Mtoto wa jicho ni wa kawaida mno kwa wazee wetu kiasi kwamba hatumhesabu tena kuwa ugonjwa.

Kuna jambo moja ambalo mimi na mdogo wangu hatukukubaliana, na tumeliacha hivyo. Anapomsemesha mama kwa Kiluba, machozi humtoka mama. Mimi niliandika huzuni. Yeye aliandika raha, akionyesha kwamba wakati wa machozi mkono wa mama huuvuta wa kwake na kuukumbatia kifuani. Tulirudia siku tatu, tukaona machozi siku tatu na mkono kuvutwa siku tatu. Daftari lina maandishi ya wote wawili, na tunaendelea kumsemesha kwa Kiluba, kwa kuwa tumeona kwamba mkono ungeweza kusukuma na hausukumi. Ninaeleza haya ili wauguzi wasiombwe uhakika ambao hata watoto wa kuzaa hawana. Waombwe kutazama wawili wawili inapowezekana, na kutoficha pale wanapotofautiana.

Kiluba hicho kinagusa jambo jingine. Mji wetu ulijengwa na watu waliotoka kila upande kufanya kazi kwenye migodi na kwenye njanja, yaani reli, na wazee wao wengi walijifunza Kiswahili ukubwani. Ugonjwa huu mara nyingine huwaondolea lugha ya baadaye kwanza na kuwaachia ile ya mama. Muuguzi anayemuuliza Kambo kwa Kiswahili kama amependa, asipate jibu, na kuandika kwamba hana mwitikio, pengine amepima Kiswahili chake tu. Halikadhalika vipimo nilivyovitaja vilijaribiwa kwenye nyuso za huko vilikotungwa. Kutazama macho kwa macho kunahesabiwa humo kuwa dalili njema. Mwanamke wa kizazi cha mama alifundishwa kutomkodolea macho mgeni, na kuziba mdomo kwa kiganja anapocheka. Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina uwezo wa kuvijaribu kwa wazee wetu wenyewe, kwa Kiswahili, Kiluba, Kibemba na Kisanga, na kutuambia ni dalili zipi zinashika hapa na zipi hazishiki. Sioni kwa nini kazi hiyo ingojee wageni.

Ninaongeza neno kuhusu dawa, kwa ufupi. Haloperidoli na dawa za jamii yake, zinazotolewa kwa wazee wanaopiga kelele, huweza kuugandisha uso na kuikaza mikono, na uso ulioganda hausomeki na yeyote. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali mwaka 2005, na tena mwaka 2008, kwamba dawa hizi zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia. Anayempima mgonjwa furaha aandike kwanza ni dawa gani amekunywa na saa ngapi.

Najua nitaambiwa kwamba wauguzi ni wachache, kwamba mishahara huchelewa, na kwamba palipo na malaria na kipindupindu hakuna mwenye nafasi ya kuhesabu pumzi za bibi mmoja. Hoja hiyo siidharau. Lakini makao yale yalikuwa na nafasi ya kuwasha redio kila siku kwa saa nne, na mhudumu yule yule alihitaji dakika 10 tu, mara tatu, kugundua kwamba redio ile ilikuwa mateso. Baada ya kuizima, kumlisha mama kungekuwa kwepesi, kwa kuwa mtu aliyekunja ngumi na kubana meno halishwi kwa dakika 10. Gharama ya kipimo hiki ni kalamu, daftari la shule, na saa ya mkononi. Hata umeme hakihitaji.

Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha 49, inampa mzee haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya kimaadili. Ninaisoma ibara hiyo kuwa inamhusu pia yule ambaye hawezi tena kuyataja mahitaji hayo. Kwa msingi huo ninamwomba Mheshimiwa Waziri na Divisheni ya Afya waagize kwamba katika fishi ya kila mzee mwenye dimenshia nzito anayelelewa nje ya nyumba yake uwepo ukurasa mmoja unaosema ni nini kilijaribiwa, saa ngapi, kilimfanya nini mikononi, usoni na katika kupumua, na kilipoondolewa ilikuwaje. Na kwamba ukurasa huo urudiwe kila baada ya miezi michache, kwa maana kinachopendwa leo chaweza kuchukiza kesho ugonjwa unapoendelea. Wakuu wa shule za wauguzi ninawaomba wampe kila mwanafunzi, katika siku zake za mazoezi, saa moja ya kuketi mbele ya mzee mmoja asiyesema bila kumfanyia chochote isipokuwa kutazama na kuandika. Wasimamizi wa makao ninawaomba wazime redio siku moja, wapange viti karibu na dirisha, na waone. Pia wawaruhusu watoto wa wazee kuleta kitu kimoja kutoka nyumbani, hata kama ni kichafu kama mzizi wa munkoyo, ambao makaoni niliambiwa niurudishe kwa sababu ungechafua shuka.

Daftari la mama lina kurasa 62 mpaka leo. Niko tayari kulileta mwenyewe ofisini kwa yeyote kati yenu atakayeniita, na kuketi naye nikimsomea maandishi ya mdogo wangu, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka kwa taabu. Ninaomba tu iwe mchana au jioni. Asubuhi, kuanzia saa tatu, mama huwa macho vizuri, na saa hiyo siwezi kutoka nyumbani.

Kwa heshima,

Mwalimu mstaafu, mkaaji wa Katuba
Lubumbashi